Unga usiokandwa

Mamaangu alikaa kwetu Nottingham siku 84, na katika siku zote hizo alinisifu chakula mara moja tu. Haikuwa pilau. Pilau aliionja, akatafuna kidogo, akauliza kama mchele nimeuosha au nimeuogopa. Haikuwa mchuzi wa pweza wala chapati, ambazo kwa adabu yake alizila akizichovya sana kwenye chai. Sifa yenyewe ilikuja siku ya pai ya matufaha, tena pai ya tatu, kwa sababu ya kwanza aliiharibu yeye na ya pili tuliiharibu sote wawili.

Matufaha hatukuyanunua. Mtaani kwetu, mwezi wa tisa ukielekea ukingoni, watu wenye miti uani huweka masanduku nje ya lango na kuandika kwenye kipande cha boksi: chukua. Nyumba ya tatu kutoka kwetu anakaa bibi mmoja wa miaka 80 na ushee, na mti wake umeshalipita paa. Matufaha yake ni ya kijani, yamebonyea huku na huku, moja linajaza kiganja. Mama alilipita sanduku lile siku tatu, akilitazama kwa jicho la pembeni. Siku ya nne akaniuliza, "Huyu bibi ana nini? Wanawe hawali?" Nikamweleza kwamba mti mmoja huzaa zaidi ya wanavyoweza kula watu wa nyumba moja. Akasema kwao mwembe ukizaa hivyo watoto wa mtaa mzima huwa wameshajua, hakuna haja ya tangazo.

Tukachukua manane. Mama alitaka kuacha hela ndani ya sanduku, nikamzuia.

Jina la tunda lilitupa tabu kidogo. Kwetu Pemba tofaa ni kitu kingine kabisa: jekundu, nyama nyeupe, maji tele, na harufu ya mbali kama ya waridi. Mtofaa ukichanua, nyuzi za maua yake humwagika chini mpaka ardhi inakuwa kama imetandikwa busati la rangi ya zambarau na nyekundu. Lile tunda la madukani, lenye kibandiko, linalotoka Afrika Kusini na kuuzwa moja moja, sisi tulikua tukiliita epo, na nyumbani lilikuja kwa ajili ya mgonjwa au mgeni. Tufaha tulilikuta kwenye vitabu vya shule. Tofaa na tufaha yote ni neno lilelile la Kiarabu, limeingia kwetu kwa milango miwili. Ukiwauliza wataalamu wa mimea, watakwambia matunda yenyewe hayana udugu wa karibu: tufaha liko ukoo wa mwaridi, na tofaa la Pemba ni ndugu wa karafuu, jenasi moja ya Syzygium. Hili la karafuu nitalirudia.

Mama alikata kipande cha tufaha la bibi, akatia mdomoni, uso ukamkunjamana wote. Akanyoosha mkono. "Nipe chumvi na pilipili." Alikula nusu ya tunda kwa namna hiyo, akiwa amesimama penye sinki, kama msichana aliyeiba embe bichi. "Hili la achari," akasema. "Nani kakwambia linatiwa kwenye mkate?"

Waingereza wana matufaha ya kula na matufaha ya kupika, kama sisi tulivyo na ndizi mbivu na ndizi za kupika. Hilo la bibi linaitwa Bramley. Lina ukali mwingi na sukari kidogo, na likipata moto haligandi vipandevipande kama matufaha matamu. Huvimba, hulainika, huwa kama povu zito. Na asili yake si mbali nasi. Kiasi cha kilomita 20 na kidogo kutoka kwetu kuna mji mdogo uitwao Southwell, na huko ndiko mwaka 1809 msichana aitwaye Mary Ann Brailsford alipopanda mbegu za tufaha. Mti ukaota, yeye akakua, akaolewa, akahama. Nyumba ikaja kununuliwa mwaka 1846 na mchinjaji wa nyama, Matthew Bramley. Miaka kumi baadaye kijana wa familia ya wauza miche, Henry Merryweather, aliyaona yale matufaha, akaomba achukue vikonyo akavibandike kwenye miti yake. Mchinjaji akakubali kwa sharti moja: tunda liitwe kwa jina lake. Mary Ann alikuwa ameshafariki mwaka 1852, hajui kama mbegu zake zimekuwa kitu. Kila mti wa Bramley uliopo leo, pamoja na huu wa jirani yetu, umetokana na vikonyo vya mti ule mmoja.

Nilimsimulia Mama haya tukiwa tunamenya. Alikuwa anamenya kwa kisu kidogo, ganda likitoka utepe mmoja mrefu usiokatika, wakati mimi na kifaa changu cha kumenyea nilikuwa narusha vipande mpaka sakafuni. Akasikiliza mpaka mwisho. "Kapanda mwari," akasema, "jina kapewa mchinjaji." Akaendelea kumenya.

Sasa unga. Unga wa pai hii ni rahisi kuuhesabu na mgumu kuuheshimu: ngano gramu 350, siagi gramu 175, chumvi kidogo, maji ya baridi vijiko vichache. Waingereza wa zamani walitumia mafuta ya nguruwe. Sisi siagi inatutosha. Siagi iwe imetoka kwenye friji, uikate vipande, uifikiche kwenye ngano kwa ncha za vidole mpaka iwe kama chengachenga za mkate. Kisha maji, kidogokidogo, uukusanye unga ushikamane, na hapo uondoe mkono. Hapo ndipo palipokuwa na vita.

Mama hakuweza kuondoa mkono. Nilienda kujibu simu, dakika tano hivi, niliporudi nikakuta kakunja mikono ya gauni, kauweka unga kwenye kibao na anaukanda kwa kiganja, anaukunja, anausukuma, kama anataka kupikia chapati watu wa harusi. Unga ulikuwa laini, unang'aa, mzuri kuutazama. "Uliuacha mbichi," akaniambia, bila kusimama. "Unga usiokandwa ni unga wa mvivu."

Nikamweleza. Ngano ikikandwa na maji inajenga nyuzi, na nyuzi hizo ndizo zinazoipa chapati uwezo wa kuvutika bila kuchanika. Kwenye pai hatuzitaki, tunataka unga uvunjike mdomoni. Akanisikiliza kwa uso ule wa mtu anayemsikiliza daktari kijana. Tukasukuma, tukatandika kwenye sahani ya bati, tukajaza matufaha na sukari, tukafunika, tukaoka. Pai ilitoka na rangi nzuri sana. Kisu kiliingia kwa shida. Mume wangu, mstaarabu, alisema ina nguvu.

Ajabu ni kwamba ile ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu kusimama na mamaangu mbele ya kibao kimoja cha unga. Nina dada wawili, wote wanapika kama yeye. Mimi ndiye niliyekuwa na kichwa cha masomo, kama walivyosema, na kwa hiyo kila nilipoingia jikoni nilitolewa. "Nenda kasome. Jiko halikimbii." Nilikuwa naskia kicheko chao kule nyuma, mbuzi ya nazi inakwaruza, samli inanukia, na mimi niko barazani na kitabu cha kemia. Sikuwa na uchungu wakati ule. Nilijiona nimependelewa, na kweli nilikuwa nimependelewa. Uchungu ulikuja nikiwa na miaka 24, chumba cha kupanga, nje barafu, sufuria ya wali imeshika chini kwa siku ya tatu mfululizo. Aliyenifundisha kutumia oveni ni yule bibi wa nyumba ya tatu. Pai ya matufaha ndicho chakula cha kwanza nilichojua kukipika vizuri katika maisha yangu, na nilikijua kabla ya kujua kupika maharage ya nazi. Nilipokuwa namwambia Mama aondoe mkono kwenye unga, sauti yangu ilikuwa juu kidogo kuliko ilivyostahili. Nilijisikia mwenyewe.

Pai ya pili ilikuwa wiki iliyofuata, na hii ndiyo ya karafuu.

Waingereza hutia karafuu kwenye pai ya matufaha. Wengi siku hizi wanatia mdalasini, lakini bibi wa jirani ni wa mtindo wa zamani: karafuu nne nzima, unazichomeka kati ya vipande vya tufaha, na anayeipata kwenye kipande chake anaitoa pembeni ya sahani. Nilitoa kichupa changu kabatini. Mama akamimina karafuu kiganjani, akaminya moja kwa ukucha. Karafuu nzima ukiiminya hivyo inatoa mafuta. Hii haikutoa kitu. Akaminya ya pili. "Hizi wamekwisha zika," akasema. Akaenda chumbani, akarudi na fundo la pembe ya kanga. Akalifungua mezani, na jiko langu la Nottingham likanuka ua wa nyumba yetu.

Nilimtania kwamba amefanya magendo. Kwetu hili si neno dogo. Karafuu ya Zanzibar mnunuzi wake ni serikali, na watu wamefungwa kwa kuivusha kwa ngalawa usiku. "Konzi moja ya kutia chai," akasema, "waje wanifunge."

Babu, yaani babaake, alikuwa mmoja wa waliopewa eka tatu baada ya Mapinduzi ya 1964, na eka zenyewe zilikuwa na mikarafuu. Pemba ndiko iliko karafuu nyingi, na sababu mojawapo ni kimbunga cha 1872, kilichoing'oa mikarafuu ya Unguja na kuiacha ya Pemba imesimama. Mama alikulia ndani ya msimu. Wanaume juu ya miti, ambako kila mwaka kulikuwa na mtu wa kuanguka. Watoto na wanawake chini, wakipokea vishada. Malipo kwa pishi. Usiku, kwa kibatari, nyumba nzima inachambua, karafuu huku na makonyo kule, na makonyo nayo hayatupwi, yanakwenda kukamuliwa mafuta. Vidole vinakuwa vyeusi, macho yanawasha. Asubuhi zinaanikwa kwenye majamvi. Na hapo ndipo Mama alipogombana na kamusi. Nilimwambia majira haya ya kupukutika majani, Kiswahili kinayaita vuli. Akacheka kwa dharau. Vuli ni pale kusi imechoka na kaskazi haijashika, mvua fupi zinakuja bila hodi, na karafuu ziko nje zinaanikwa. Wingu moja likitokea, watu wanaacha hata swala ya sunna, wanakimbilia majamvi. "Hapa ni vuli ya nani? Mvua inanyesha, na hakuna anayekimbia."

Kuhusu ile pai. Nilimwambia nne. Nadhani aliniona bahili. Pai ikaingia kwenye oveni, na tulipoikata usiku nikahesabu karafuu kumi na nne, na hizo hazikuwa za kichupa changu. Ukila karafuu nyingi nzima nzima, ulimi unakufa ganzi; ndiyo maana huwekwa kwenye jino bovu. Tulikula kimya, hakuna aliyeonja tufaha, na mwanangu wa miaka sita akatangaza kwamba midomo yake imeondoka. Kosa langu mimi lilikuwa chini: nilisahau kunyunyiza semolina kwenye unga kabla ya kumwaga matufaha, maji yake yakashuka, na pai ikawa na ganda juu na uji chini. Alikuwa mpole kunikumbusha hilo. Alisema tu, "Na hii ya chini nayo ni Kiingereza?"

Halafu siku kadhaa hakuna aliyeitaja pai.

Jumapili ya mwisho ya mwezi wa kumi saa zilirudishwa nyuma. Jana yake Magharibi ilikuwa saa kumi na mbili kasoro robo, na siku ile ikawa saa kumi na moja kasoro robo. Mama, ambaye maisha yake yote Magharibi haijawahi kuhama zaidi ya dakika chache kwa mwezi, alikuwa tayari ameshakasirishwa na jinsi ilivyokuwa ikirudi nyuma kila siku, na hii ya kuruka saa nzima aliichukulia kama jambo la serikali. Tuliswali, na baada ya swala jioni ilikuwa bado ndefu, giza nje, hakuna pa kwenda. Nikatoa ngano. Yeye akakaa kwenye kiti, mikono mapajani, kwa makusudi, ili nimwone kwamba hagusi.

Nikafikicha siagi. Akawa anatazama vidole vyangu. Nilipofika pale inapokuwa chengachenga, nikasikia kiti kinasogea. Akachota kidogo, akakibana kwenye kiganja, kikashikamana. Akakisukuma kwa kidole gumba, kikamumunyuka.

"Alaa," akasema. "Si vileja hivi!"

Anayevijua vileja ameshaelewa. Kwa asiyevijua: ni vitamutamu vya unga wa mchele, samli, sukari na iliki, na utamu wake wote uko katika kuvunjika. Unakitia mdomoni, na kabla hujatafuna kimekwisha. Mchele hauna zile nyuzi za ngano, na mtu akipika vileja hana haja ya kukanda. Anaipiga samli, anatia unga, anakusanya. Mama alikuwa ameupika unga huu maisha yake yote. Mimi nilimweleza kwa nyuzi na kemia, nikasahau vileja, kwa sababu sivijui, nimevila tu.

Kutoka hapo sikuwa na kazi. Alinyunyiza maji kwa vidole kama anayenyunyizia marashi, akakusanya mara nne, akaacha. Mwenyewe akasema uwekwe kwenye baridi upumzike, kabla sijafungua mdomo. Akasukuma kwa kifimbo changu cha chapati, duara kamili, huku akilalamika kwamba kifimbo ni chepesi. Semolina nikanyunyiza mimi. Karafuu tano, tulikubaliana tano. Akatoboa tundu katikati ya kutolea mvuke, akapaka yai, na pembezoni akabana unga kwa vidole viwili kama anavyobana sambusa, nakshi ambayo sijawahi kuiona kwenye pai ya mtu yeyote. Digrii 200, dakika 45. Akakaa mbele ya kioo cha oveni akaitazama muda wote kama televisheni.

Ilipopoa kidogo akala kipande chake polepole, akatoa karafuu, akaiweka pembeni ya sahani kama Mwingereza. Akasema, "Unajua kupika." Ndiyo sifa niliyoitaja. Unga alikuwa ameuchezea yeye, nakshi yake, karafuu zake. Sikubisha.

Kipande kikubwa kilikwenda kwa bibi wa jirani, kwenye sahani yangu ya maua, kimefunikwa kitambaa kilichopigwa pasi. Asubuhi sahani ilirudi: imeoshwa, imekaushwa, tupu. Mama aliitazama ndani, akaigeuza akaitazama chini. Kwetu sahani ya jirani hairudi tupu. Ukikosa kabisa, utaweka hata kipande cha muwa. "Nimemuudhi?" aliuliza, na kweli alikuwa amefadhaika. Nikamwambia kwa hawa adabu ni kuirudisha safi. Alifikiri siku nzima. Kesho yake akapika vileja, akamjazia sahani ileile, ili, kwa maneno yake, apate nafasi ya pili.

Hivyo vileja ndivyo nilivyojifunzia. Nilisimama na mizani na daftari. Kila alipochota unga nilimwomba auweke kwanza kwenye bakuli la mizani. Konzi ya kwanza gramu 61, ya pili 74. Nilipomwonyesha tofauti akasema ya pili ilikuwa ya upande wa dirishani, imeingia ubaridi. Samli ipigwe mpaka lini? Mpaka iwe nyeupe. Nyeupe kiasi gani? Akaninyooshea kiganja chenye samli, "Hivi." Nimeandika kwenye daftari: hivi.

Sahani ilirudi, safi, na safari hii ndani yake mlikuwa na kadi ndogo yenye picha ya ndege, imeandikwa asante kwa mwandiko wa kutetemeka. Mama aliiweka kwenye mkoba wake pamoja na pasipoti. Ameondoka nayo.

Alirudi Pemba mwezi wa kumi na mbili. Kiasi cha wiki tatu baadaye akapiga simu ya video, kamera inatazama dari, kama kawaida. Alikuwa ameshajaribu pai kwa matofaa, na matofaa yamemtoa aibu, yametoa maji mpaka unga ukaelea. Sasa amepata embe dodo mbichi, kali, zile za chumvi na pilipili. Zimemenywa, sukari imetiwa, karafuu tano. Unga umepumzika ndani ya friji ya dada. Oveni hana, ana sufuria, na ana makaa ya kupalia juu na chini, kama anavyopika mkate wa kumimina.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba. Hebu niambie upesi, moto unaniishia. Ile mia mbili yako ni makaa mangapi?"

Nikanyamaza. Nilikuwa na daftari mbele yangu, na kalamu.

"Nitauliza, Mama."

"Utamuuliza nani?" akasema, na nyuma yake nikawasikia dada zangu wanacheka.